Ufukwe tulivu wa Pangani: mwongozo kamili kwa anayetoka Moshi au Arusha

Malalamiko ya watu wa Moshi na Arusha wanaoshuka pwani yanafanana. Kikundi kimechangishana miezi kadhaa, kimekodi kosta, kimefika ufukweni saa nne asubuhi, na bahari haipo. Mbele yao kuna mchanga wenye unyevunyevu, majani na mawe, na maji yako kule mbali kwenye mstari mweupe wa mwamba. Watoto wanachezea tope. Ikifika saa kumi jioni maji yamerudi mpaka karibu na mivinje, yametulia na yanang'aa, na dereva anapiga honi watu wapande.

Ufukwe haukuwa mbaya. Tarehe ndiyo iliyochaguliwa kwa kuangalia likizo na mshahara peke yake. Sisi wa mlimani tumezoea ziwa kama Duluti, ambalo asubuhi liko pale na jioni liko palepale, kwa hiyo hatuulizi maji yatakuwa wapi saa ngapi. Pwani ya Tanga swali hilo ndilo la kwanza. Ukilijibu vizuri, mambo mengine yote ya safari yanajipanga.

Vitu vya kuandaa

Vitafute Moshi au Arusha kabla hujakata tiketi. Pangani ni mji mdogo, na fukwe zake tulivu ziko mbali na maduka.

- Kalenda yenye alama za mwezi, au ile inayoonyesha tarehe za Kiislamu.
- Programu ya simu inayoonyesha saa za maji kupwa na kujaa kwa Tanga au Pangani.
- Viatu vya kuingia navyo majini vyenye kushika kisigino: raba kuukuu au yeboyebo zenye mkanda. Ndala huchomoka mguuni kwenye tope na kukuacha peku juu ya miiba.
- Kanga au kitenge, kofia, na shati la mikono mirefu ambalo uko tayari kulilowesha.
- Mafuta ya kuzuia jua.
- Dumu tupu la lita 20 lenye kizibo kinachobana, na kamba ya mita kama 15. Hili ni la kuokolea mtu, kwa hiyo lisibebe mafuta ya kupikia wala kitu kingine.
- Maji ya kunywa ya kutosha na pakiti chache za ORS.
- Sabuni, plasta, kibanio kidogo cha kung'olea miiba, na chupa ya chai iliyojaa maji moto.
- Dawa ya mbu ya kujipaka, na chandarua kama hujui utakapolala kuna nini.
- Kiroba cha kurudishia taka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo usipange safari kwa kuitegemea.
- Fedha taslimu kiasi, hata kama unalipa kwa simu. Mtandao hukatika.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuangalia mwezi

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo ufukwe uleule, saa ileile, Jumamosi hii una maji ya kifuani na Jumamosi ijayo ni mchanga mtupu.

Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayaendi mbali. Hayo ni maji mafu. Huhitaji chombo chochote kulijua hili. Ukiwa uani kwako Majengo au Sakina, ukiona nusu ya mwezi iko utosini wakati jua linazama, jua kwamba Pangani ni maji mafu.

Kilicho muhimu zaidi kwa mpangaji wa safari ni kwamba kila hali ya mwezi ina saa zake, na katika pwani yetu saa hizo hazibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Tumia tarehe za mwezi wa Kiislamu kwa makadirio, ukijua zinaweza kupishana siku moja au mbili:

- Tarehe 1–2 na 14–16 (bamvua): maji yamejaa saa kumi jioni hivi, yamekupwa saa nne asubuhi. Hizi ni siku za kutembea mwambani asubuhi na kuogelea jioni.
- Tarehe 4–5 na 18–20: maji yamekupwa saa sita na saa saba mchana. Ukija kwa siku moja, hizi ndizo siku mbaya kuliko zote, kwa sababu bahari hujaa alfajiri na magharibi, wakati wewe hujafika au umeshaondoka.
- Tarehe 8–9 na 22–23 (maji mafu): maji yamejaa saa tatu au saa nne asubuhi, na hata yakipwa alasiri hayaendi mbali. Nzuri kwa watoto wadogo na wasiojua kuogelea.
- Tarehe 11–12 na 26–27: maji yamejaa saa sita hadi saa nane mchana. Kwa kikundi kinachokuja asubuhi na kuondoka jioni, hizi ndizo tarehe ninazozipendekeza bila kusita.

Kosa linalorudiwa sana ni kufuata mbalamwezi. Watu huona mwezi mpevu wakasema ni wakati mzuri wa bahari, na kwa kweli usiku ufukwe unapendeza mno. Ila asubuhi yake, saa nne, ndipo wanapokuta hamna maji. Kama unaitaka mbalamwezi, lala siku mbili na uogelee jioni.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kusema, kabla ya kuchangisha hata shilingi: "Siku hiyo maji yatajaa saa fulani, na sisi tutakuwepo saa hizo."

Hatua ya 2: Thibitisha kwa saa na kwa mita

Makadirio ya mwezi yanatosha kuchagua wiki. Siku yenyewe ithibitishe kwenye programu ya simu au kwa kumpigia mtu wa Pangani. Programu nyingi huandika saa kwa mtindo wa 24. Kuanzia 07:00 hadi 18:00 toa sita upate saa yetu: 16:10 ni saa kumi na dakika kumi jioni.

Kila saa huambatana na kimo cha mita. Usikiruke. Siku yenye mita 3.5 maji yakijaa na 0.5 yakipwa ni bamvua, na tofauti yake ni mita 3, yaani kina cha kumzamisha mtu mrefu. Siku yenye 2.5 na 1.4 ni maji mafu, na tofauti ni kama mita moja tu.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti ile kwa 12. Saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa bamvua ya mita 3 ni sentimita 25, kisha 50, kisha 75, kisha 75 tena, 50, na 25 za mwisho. Ndiyo maana mtu aliyesimama juu ya jiwe katikati ya mwamba huona maji yanatambaa polepole kwa muda mrefu, akadhani ana wakati, kisha ndani ya saa moja maji yakatoka kwenye magoti hadi karibu na mabega.

Angalia pia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi. Ikiwa kuna tahadhari, safari ya boti ifutwe hata kama mmeshalipa.

Hatua ya 3: Chagua ufukwe na msimu

Ufukwe tulivu ni ule wenye mwamba au fungu la mchanga mbele yake. Wimbi la bahari kuu huvunjikia kule nje, na ndani hubaki maji ya kina kifupi yasiyo na vurugu. Ukisimama ufukweni ukaona mstari mweupe wa povu mbali na wewe, na huku karibu maji yamelala, basi uko mahali penyewe.

Ushongo, kusini mwa mto Pangani, ni chaguo langu kwa anayelala. Mchanga ni mrefu, minazi ipo, kijiji ni cha wavuvi na pametulia kwelikweli. Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, hufikika kwa urahisi zaidi bila kuvuka mto. Raskazone, ndani ya jiji la Tanga, inamfaa mwenye siku moja au mwenye wazee wasioweza barabara ya vumbi. Utulivu wake ni wa mjini, lakini una huduma karibu.

Epuka kuogelea karibu na mdomo wa mto Pangani. Maji yake yametoka kwetu: Kikuletwa na Ruvu zinakusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, zinaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto unashuka mpaka baharini. Wakati wa masika mto huo hubeba udongo, na bahari iliyo karibu nao hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndani ya mto wenyewe usiogelee kabisa; kuna mamba.

Kuhusu msimu, masika, yaani Machi hadi Mei, barabara za vumbi huharibika na maji huchafuka. Kuanzia Juni upepo wa kusi huvuma, na alasiri bahari huchafuka hata ndani ya mwamba. Kuanzia Oktoba hadi Februari maji huwa safi zaidi na upepo huwa wa kuvumilika, ingawa vuli inaweza kukunyeshea siku mbili tatu.

Hatua ya 4: Panga barabara ili ufike mchana

Kutoka Moshi hadi Tanga ni kama kilomita 350, na Arusha ongeza 80. Unapita Himo, Same, Mombo, Korogwe na Segera, kisha unakata kushoto kwenda Muheza na Tanga. Basi la asubuhi hukufikisha Tanga alasiri. Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50 nyingine.

Usijibane kufika Ushongo siku hiyohiyo kama umeondoka Arusha. Ukitegemea kivuko cha Pangani, uliza mapema kinafunga saa ngapi, maana ukikikosa unalala Pangani mjini bila mpango. Lala Tanga, kula vizuri, ondoka asubuhi.

Wanaokodi kosta wanapenda kusafiri usiku ili waokoe gharama ya kulala. Sikubaliani na hilo. Dereva anaendesha usiku kucha, kisha anakaa juani kutwa, kisha anawarudisha usiku mwingine. Kama bajeti ni ndogo, punguzeni nyama, msipunguze usingizi wa dereva.

Desemba ina hesabu yake. Kabla ya Krismasi mabasi yanayopanda Moshi hujaa watu wanaokwenda nyumbani, lakini ya kushuka yana nafasi. Nenda kwa urahisi, ila tiketi ya kurudi ikate siku unayokata ya kwenda.

Hatua ya 5: Ukifika, kaa nusu saa bila kuingia majini

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, hasa na vijana, na ndiyo inayozuia ajali nyingi.

Kwanza tafuta mstari wa majani makavu, vijiti na povu uliokauka juu ya mchanga. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Vitu vyenu vyote, pamoja na sufuria, viatu na mtoto aliyelala, viwe juu ya mstari huo. Kama ni kuelekea bamvua, pandeni hatua kumi zaidi, kwa sababu kesho maji yatafika mbele kuliko leo.

Pili, chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Subiri dakika kumi. Kama kijiti kimebaki nchi kavu, maji yanakupwa. Kama kimezungukwa na kutikisika, yanajaa. Fanya hivi hata kama programu imeshakuambia, kwa sababu upepo unaweza kuchelewesha au kuwahisha maji, na macho yako yanapaswa kuizoea bahari ya siku hiyo.

Tatu, waamkie wenyeji. Mzee anayeshona nyavu chini ya mkungu anajua kila shimo la ufukwe ule. "Shikamoo mzee. Sisi wageni, tumetoka Moshi. Wapi panafaa kuoga, na wapi tusiende?" Atakuonyesha mlango, yaani ule mwanya kwenye mwamba ambako maji yote ya ndani hutokea yakipwa. Mkondo wa hapo humvuta hata muogeleaji hodari. Muulize pia chini kukoje: mchanga, tope au mawe.

Pangani na vijiji vyake ni miji ya Waislamu wengi. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Ukienda dukani au kupita kijijini jifunge kanga, mwanamume avae shati. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani kijijini mchana.

Umefaulu kama kila mtu mzima kwenye kikundi anaweza kunyoosha kidole kuonyesha mlango uko wapi, na anajua maji yanakwenda au yanakuja.

Hatua ya 6: Maji yakipwa, tembea

Maji kupwa si hasara kwa anayejua. Anza saa moja na nusu kabla ya saa ya kupwa kabisa, ukiyafuata maji yanavyoondoka. Vaa viatu. Shuka taratibu.

Inama kwenye kidimbwi kimoja na ukae hapo, usikimbilie kingine. Mwanzoni utaona maji tu. Ukitulia, jiwe dogo linaanza kutembea, kumbe ni kaa aliyejifungia kwenye gamba la konokono. Kiti cha pweza, chenye mikono mitano na vinundu vyekundu, kinasogea polepole mno hata unaweza kudhani hakina uhai. Samaki wadogo wa mistari wanatoka chini ya jani na kurudi. Watoto wa mjini hukaa kwenye kidimbwi kimoja muda mrefu kuliko mzazi alivyotarajia, mradi mtu mzima awe wa kwanza kuchuchumaa.

Waonyeshe, wasishike. Kiti cha pweza kikiinuliwa juani kwa ajili ya picha huumia na kufa. Konokono wa gamba la umbo la koni lenye madoa mazuri usimguse kamwe: ana mshale wa sumu, na wapo wa aina inayoweza kuua mtu. Wale viumbe weusi wa miiba mirefu hukaa kwenye mashimo ya mwamba na kwenye majani. Kanyaga mchanga mweupe, epuka matumbawe na majani mazito. Kwenye mchanga wenye maji ya magotini buruza mguu badala ya kuunyanyua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia asikie na aondoke.

Magamba na matumbawe yabaki yalipo. Kuanzia mdomo wa mto Pangani kwenda kaskazini hadi kupita jiji la Tanga ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009. Hata nje ya hifadhi, gamba tupu ni nyumba ya kaa wa kesho.

Onyo moja ninalolisisitiza: maji yakishagota kupwa, geuka urudi. Usisubiri yaanze kupanda. Kumbuka hesabu ya saa ya tatu na ya nne, na kumbuka kwamba maji hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufukwe, wakati pale uliposimama bado ni pakavu.

Hatua ya 7: Maji yakijaa, ogelea

Wakati mzuri ni kuanzia saa mbili kabla ya kujaa kabisa hadi yanapojaa. Maji yanaingia, kwa hiyo yanakusukuma kuelekea nchi kavu. Ni safi zaidi pia, kwa kuwa yametoka nje ya mwamba. Yakianza kupwa, wasiojua kuogelea watoke, na wanaojua wakae mbali na mlango.

Wengi wetu wa mlimani hatukukua kwenye maji, na hakuna aibu katika hilo. Anza hivi. Ingia hadi kiunoni. Geukia baharini, ufukwe uwe nyuma yako, ili kila unapoangukia mgongo uangukie upande wa nchi kavu. Chuchumaa maji yafike shingoni, vuta pumzi ukaze kifua, kisha lala chali huku mwenzako ameweka viganja viwili chini ya mgongo wako. Masikio yazame, hapo ndipo watu huogopa na kuinua kichwa, na ukiinua kichwa miguu inazama. Maji ya chumvi yanabeba kuliko ya mto au ya bwawa. Mwenzako akiondoa viganja bila wewe kujua na ukabaki juu, umeelea. Hayo yanatosha kwa siku ya kwanza.

Mtoto awe umbali wa mkono, si umbali wa macho. Chagua mtu mzima mmoja wa zamu ambaye haogelei, hapigi picha na hajanywa pombe. Dumu na kamba viwe pembeni yake.

Mtu akizidiwa, usimrukie. Anayezama humkaba anayemwokoa, na wanazama wote. Mtupie dumu lenye kamba na umvute. Ukibebwa na mkondo wewe mwenyewe, usipigane nao kwenda ufukweni moja kwa moja. Elea, kisha ogelea sambamba na ufukwe hadi uhisi mvuto umeisha, ndipo urudi.

Jua la pwani hudanganya kwa sababu upepo unakupoza. Wakati unahisi raha, mabega yanaungua. Kaa na shati majini, paka mafuta tena kila baada ya saa mbili, na kati ya saa tano na saa tisa, kila unapotoka majini, jikalie chini ya mivinje. Ngozi nyeusi nayo huungua.

Hatua ya 8: Fungu la Maziwe, kama una siku ya ziada

Maziwe ni kisiwa cha mchanga kilomita kama 8 kutoka mji wa Pangani, kusini-mashariki, ndani ya eneo tengefu la bahari. Zamani kilikuwa na mivinje. Sasa ni mchanga mtupu, na maji yakijaa hufunikwa. Kwa hiyo saa ya kwenda inapangwa na maji: ondokeni ufukweni yakiwa yanakupwa, mfike fungu likianza kuonekana, na muondoke kabla halijamezwa. Siku za bamvua hutoa mchanga mkubwa zaidi, na hukausha asubuhi kabla upepo haujaamka.

Kuna kiingilio cha hifadhi. Omba kumbukumbu namba ya malipo, lipa kwa simu na utunze stakabadhi, badala ya kumpa mtu fedha mkononi. Boti iwe na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, watoto wapate saizi yao, na jaketi livaliwe kabla ya kuondoka. Nahodha akisema leo bahari si nzuri, mshukuru mrudi. Ukimshawishi kwa fedha unamlazimisha kubahatisha maisha ya watu wote waliomo.

Kule hakuna kivuli hata cha mwavuli wa mti mmoja. Bebeni maji ya kunywa na vitenge vya kutosha. Miwani ya kuzamia na mpira wa kupumulia hukodishwa pamoja na boti. Ijaribu miwani nchi kavu kwa kuibandika usoni bila mkanda na kuvuta pumzi kwa pua. Ikinata, haivuji. Mkiwa juu ya matumbawe msiyasimamie. Kasa hutaga pale, na kwa kuwa kisiwa hufunikwa na maji, mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Ukibahatika kuona vitoto vikianguliwa, zima tochi na usisimame kati yao na bahari.

Hatua ya 9: Saa zisizo za maji

Pwani ya Tanga inatazama mashariki. Usisubiri jua lizame baharini. Litazama nyuma yako, juu ya minazi. Amka saa kumi na moja na nusu alfajiri ulione likichomoza, na hapo utakutana na madau yanayorudi.

Samaki nunua saa hiyo, mkononi mwa mvuvi. Jicho lake liwe limejaa na linang'aa, mashavu yawe mekundu ndani, na nyama ukiibonyeza irudi. Changu na tasi wanafaa kuchoma, kolekole anavumilia mchuzi. Mwombe mama wa pale kijijini akupikie wa kupaka kwa nazi, umlipe kazi yake. Usijaribu kuupika mwenyewe kwa haraka, maana nazi ya samaki wa kupaka inataka mtu aliyeizoea.

Hatua ya 10: Mtu akichomwa au akikatwa

Miiba ya wale viumbe weusi: toa inayoonekana kwa kibanio, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, nusu saa hadi saa moja na nusu. Kwanza yajaribu kwa mkono wako, kwa sababu aliyechomwa hawezi kupima joto vizuri. Taa, au samaki anayefanana na jiwe: maji moto vivyo hivyo, na moja kwa moja hospitali. Konokono wa koni: hospitali bila kusubiri dalili, huku sehemu iliyochomwa haitikisiki.

Yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini anayewasha: suuza kwa maji ya bahari, usisugue, usitumie mchanga. Mchubuko wa matumbawe hata mdogo osha kwa sabuni na maji safi mara moja. Usipooshwa hutunga usaha. Namba ya dharura ni 112.

Hatua ya 11: Ukisharudi nyumbani

Suuza viatu, miwani na kamba kwa maji baridi, chumvi huvila. Kunywa maji mengi siku mbili za kwanza.

Pwani ina malaria nyingi kuliko mitaa yetu ya Moshi na Arusha, na dalili hazianzi usiku uleule ulioumwa na mbu. Mara nyingi hupita wiki moja au zaidi. Ukipata homa, kichwa au uchovu usioeleweka ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, nenda ukapime, na mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa Tanga, kwa sababu mgonjwa wa Arusha mwenye homa huenda asidhaniwe mapema kuwa na malaria. Mtoto usimsubirishe hata siku moja.